Maisha ya Max Ulrich Schoop, baba wa chuma cha kunyunyizwa



Ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa umezoea wafalme, wamisionari na maprezidenti. Safari hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua mtu ambaye hakutawala nchi wala hakuhubiri popote. Ni Max Ulrich Schoop, Mswisi, aliyezaliwa mwaka 1870 akafariki mwaka 1956. Kwetu jina lake halijulikani, lakini kule viwandani limegeuka kuwa neno la kazi. Mafundi wanaosema Kifaransa wanaita kazi ya kunyunyiza metali schoopage, na Wajerumani nao wamejitungia neno lao kutoka jina hilohilo. Watu ambao jina lao linageuka kuwa kazi si wengi.

Sababu ya kumchagua yeye ni mashine ya kusaga unga. Wale waliokaa internati mwaka uliopita hawajasahau yale majuma tuliyokula viazi asubuhi, viazi jioni. Mashine ya karibu nasi ilikuwa imesimama. Akse yake, ni kusema kile chuma kirefu kinachozunguka katikati, ilikuwa imelika pale inapoingia katika rulema. Mwenye mashine akaifunga nyuma ya moto, akaipeleka mjini kwa fundi mmoja. Fundi akajaza mahali palipolika kwa kunyunyiza unga wa metali kwa moto wa gazi, kiisha akaichonga kwenye turu mpaka ikawa laini kama mpya. Ingeachwa hapo ingefanya kazi. Lakini fundi alitaka kuiongezea nguvu. Akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza katika maji, kama wahunzi wetu wanavyofanya kwa panga na shoka. Ikarudishwa, ikafungwa, na siku ya nne ile ngozi mpya ikabanduka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa. Mama zetu wakarudia kubeba mahindi na muhogo mgongoni mpaka kijiji kingine, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Tukabishana sana kwenye dortwari. Wengine walisema moto ndio uliharibu. Wengine walisema hapana, chuma cha kunyunyizwa ni udanganyifu tangu mwanzo, mtu anapakwa rangi tu na kulipishwa pesa. Mwalimu wetu wa fizike alipotusikia alituambia kwamba wote hatujui tunachosema, tuanze kwanza na habari za Schoop. Basi tulianza.

Schoop alizaliwa Frauenfeld, mji wa mkoa wa Thurgau, upande wa kaskazini-mashariki wa Uswisi. Wageni wengi waliofika Masisi wameifananisha na nchi ile, juu ya milima yake ya majani mabichi, ng'ombe wake na jibini yake. Lakini yeye hakuwa mchungaji wa ng'ombe. Alivutwa na elektrisite na shimi, na kazi yake ya kwanza iliyomjulisha ilikuwa katika akimilateri, zile bateri nzito ambazo ndani yake muna mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika asidi. Alifanya kazi hiyo Ujerumani, katika mji wa Köln.

Hapa tusimame kidogo kwenye neno risasi, maana lugha yetu inatusaidia. Kwa Kiswahili risasi ni ile metali laini ya kijivu, na risasi tena ni kile kinachotoka katika bunduki. Habari yote ya Schoop iko kati ya maana hizo mbili. Mtu anayetengeneza akimilateri anashinda na risasi ya kwanza: anaiyeyusha, anaimimina, anaunganisha mabamba yake kwa moto. Anajua kwamba inayeyuka kwa digri 327, joto ambalo hata makaa ya jikoni yanaweza kulitoa. Anajua namna inavyoshika na namna inavyokataa kushika.

Kutoka risasi alihamia aluminiumu. Katika miaka ya kwanza ya 1900 aluminiumu ilikuwa metali changa, watu waliipenda kwa wepesi wake lakini hawakuweza kuiunganisha kwa moto, au kusudé kama tunavyosema sisi. Sababu ni ngozi yake. Aluminiumu yenyewe inayeyuka kwa digri 660, lakini mara moja ikikutana na hewa inajivika ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo haiyeyuki hata ikipita digri 2000. Kwa hiyo ndani ni maji, nje ni mfuko mgumu, na vipande viwili havishikani. Schoop alitafuta dawa ya kuiondoa ngozi hiyo ili metali mbili zigusane uso kwa uso, na kwa kazi hiyo alijulikana Ufaransa pia, ambako alikaa kwa muda kando ya Paris. Munaomba tufike upesi kwenye kunyunyiza, lakini shikeni jambo hili la ngozi ya oksidi. Litarudi, na ndilo litakalotuambia ni nani aliyeharibu akse yetu.

Sasa ile hadithi. Inasimuliwa kwamba siku moja Schoop aliwatazama watoto wake wakicheza bustanini na bunduki ndogo, wakipiga ukuta. Mzazi mwingine angewapokonya bunduki. Yeye alikwenda kuutazama ukuta. Aliona kwamba vile vidonge vya risasi havikuanguka chini. Vilikuwa vimebanwa bapa kama sarafu, vimeingia katika vishimo vya ukuta, na pale palipopigwa mara nyingi vimelaliana kimoja juu ya kingine mpaka vimefanya kama bamba. Ukuta ulikuwa baridi, risasi ilikuwa ngumu ilipotoka katika bunduki, wala hapakuwa na moto popote. Hata hivyo metali ilikuwa imeshika ukuta.

Wale wa sekisio ya sayansi washike kalamu. Kilo moja ya risasi inayokwenda mita 300 kwa sekunde inabeba juli 45 000 za nguvu ya mwendo. Kupandisha kilo moja ya risasi kwa digri moja tu kunahitaji juli 130 hivi. Gawanyeni: ni karibu digri 350. Ni kusema, kama mwendo wote ungegeuka kuwa joto na kubaki ndani yake, risasi iliyotoka baridi ingefika kwenye kiwango chake cha kuyeyuka kwa kugonga ukuta peke yake. Bunduki ya watoto haina mbio hizo, lakini risasi ni laini, na kupashwa kidogo kunatosha kuibana. Schoop akajiuliza: na kama metali ingefika ukutani ikiwa tayari imeyeyuka, tena katika matone madogo sana, tena kwa mbio? Ingeweza kuvika kitu chochote, hata kitu kisichovumilia moto.

Kufunika kitu kwa metali si jambo jipya. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Bezaleli katika Kutoka, aliyelifunika sanduku la mti wa mshita kwa dhahabu. Na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alikuwa amekwisha kupata haki ya kuvika chuma zinki kwa kukizamisha katika zinki iliyoyeyuka. Hayo ndiyo mabati ya nyumba zetu. (Tena hapa lugha inatudanganya kidogo: bati ya kweli ni ile metali inayotoka katika kasiteriti, kama ya Bisie kule Walikale, lakini mabati tunayoezeka nayo ni chuma kilichovikwa zinki. Bati yenyewe haimo.) Shida ya Sorel ni kwamba kitu chote lazima kiingie katika sufuria ya zinki, karibu digri 450. Jembe linaingia, ndoo inaingia. Daraja haliingii. Mti hauingii.

Schoop aliingia katika kazi hiyo, na miaka mitatu ya kwanza haikuwa ya raha. Chombo cha mwanzo, karibu mwaka 1909, kilikuwa chungu cha metali iliyoyeyushwa, na gazi ya moto yenye nguvu ikiipuliza itoke kama ukungu. Kilifanya kazi, lakini kilikuwa kizito na hakikuweza kutembea, ndio kusema kitu cha kuvikwa ndicho kililazimika kuletwa mbele yake, na hapo tumerudi kwenye shida ya sufuria ya Sorel. Akajaribu tena kwa unga wa metali uliopitishwa katika moto. Mwaka 1912 akapata kile alichokitafuta: pistole ya waya. Mtu anaishika mkononi. Nyuma inaingia waya wa metali, kama zinki au shaba, ukivutwa na vigurudumu viwili vinavyozungushwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mbele waya unakutana na moto wa gazi na oksijeni. Ncha yake inayeyuka, na hapohapo hewa inaikatakata kuwa matone na kuyatupa mbele kwa mbio zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Sasa fundi ndiye anayemwendea mgonjwa.

Watu walishangaa hasa kuona pistole hiyo ikivika mti, karatasi na kitambaa bila kuviunguza. Moto wa asetileni na oksijeni unapita digri 3000, na karatasi haiungui. Sababu ni kwamba kila tone ni dogo mno. Likigusa kitu linabanwa bapa na kupoa katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla joto lake halijaenea. Kitu kinachovikwa kinabaki cha uvuguvugu tu, kama fundi anajua kutembeza mkono wake.

Lakini nguvu hiyo ndiyo udhaifu wake vilevile, na hapa tunakaa kwa sababu ndipo penye ugomvi wetu wa dortwari.

Ninyi wote mumewahi kukandika nyumba ya udongo. Munajua kwamba tope halipakwi polepole, linatupwa. Bonge likigonga fito linabanwa, linaingia katikati ya miti, linashika. Bonge la pili linashika juu ya la kwanza. Kama ukuta ni laini kama ubao uliorandwa, tope linateleza na kuanguka, ndiyo maana tunaweka fito na kamba. Metali ya kunyunyizwa ni hivyohivyo kabisa. Chuma kinapaswa kwanza kukwaruzwa kwa mchanga mkali mpaka kiwe na meno. Tone linashika yale meno. Halikuyeyuka pamoja na chuma cha chini, limekishika tu kama kidole kinavyoshika ukingo wa jiwe. Na kwa kuwa kila tone limepita hewani likiwa moto, limejivika ile ngozi ya oksidi. Kwa hiyo ukikata koti hilo na kulitazama kwa mikroskopi unaona majani mengi ya metali yaliyolaliana, kati yao ngozi za oksidi, na vitundu vya hewa pale mabonge hayakukutana vizuri. Katika koti la moto wa gazi, vitundu vinaweza kufika sehemu 10 kwa 100 au hata zaidi.

Je, ni udanganyifu? Hapana. Nyumba ya udongo si udanganyifu. Lakini ukitaka ngozi ishike kweli, metali kwa metali, ni lazima moto urudi kwa mara ya pili. Na moto wa mara ya pili ni kama kinini: dozi moja inaponya, dozi nyingine inaua, na kila metali iko na dozi yake.

Zinki haitaki moto huo hata kidogo. Inayeyuka kwa digri 419, ukiipasha sana inakimbia. Tena haihitaji. Kazi yake ni kuliwa na kutu mahali pa chuma, na vile vitundu vyake vinazibwa polepole na kutu yake yenyewe nyeupe, au fundi anavifunga kwa rangi. Daraja kubwa la Forth Road kule Scotland, lililofunguliwa mwaka 1964, lilipigwa zinki kwa njia hii, na hakuna aliyelipasha moto.

Aluminiumu ni habari nyingine. Ikinyunyizwa juu ya chuma na kuachwa, inalinda vizuri dhidi ya mvua na chumvi. Lakini kama chuma hicho kitafanya kazi ndani ya tanuri, mafundi wanakipasha moto baada ya kunyunyiza, polepole, mpaka digri 800 au 900. Hapo aluminiumu inaingia ndani ya chuma, na chuma kinaingia ndani ya aluminiumu, mpaka hakuna tena mpaka kati yao. Linatokea tabaka jipya lililo gumu na linalokataa kuliwa na hewa ya moto. Lakini angalieni: aluminiumu inayeyuka kwa 660, na sisi tunataka 800. Ukiwasha moto kwa haraka inatiririka chini kama siagi kabla haijaingia. Ndiyo maana wanaipaka kwanza kitu cha kuifunika na kuikinga na hewa, kiisha wanapanda taratibu. Moto ni uleule na metali ni ileile, na mwendo wa moto ndio unaoamua kama koti litakuwa zuri au bure.

Namna ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa mashine za kusaga. Miaka mingi baada ya pistole ya kwanza, mafundi walipata unga wa nikeli iliyochanganywa na kromu, boroni na silisiamu. Katika miaka ya 1950 njia hiyo ilienea. Unga huo unanyunyizwa, kisha unapashwa moto wa digri 1000 mpaka 1100, mpaka koti lenyewe linaanza kuyeyuka juu ya chuma ambacho bado ni kigumu. Boroni na silisiamu ni kama wafagiaji. Zinakusanya zile ngozi za oksidi, zinazigeuza kuwa kitu kama kioo kinachoelea juu. Vitundu vinafungwa. Koti linashikana na chuma kama kitu kilichosudewa. Fundi anajua dakika yake kwa macho: uso uliokuwa mkavu kama mchanga unang'aa ghafla kama ndoo ya maji iliyopigwa na jua. Akiacha kabla ya hapo, vitundu vinabaki. Akizidisha, koti lote linadondoka chini. Tena apime vilevile kile kilicho chini ya koti, maana chuma kilichokuwa kimekazwa kwa moto na maji kinapoteza ugumu wake kikirudishwa kwenye digri 1000.

Hapo ndipo tulipopata jibu la ugomvi wetu. Unga wa yule fundi wa kwanza ulikuwa wa kutumiwa baridi. Ulishika kwa meno tu, na haukuwa na wafagiaji ndani yake. Alipoupasha mpaka ukawa mwekundu, hewa ilipita katika vitundu na kufanya ngozi ya oksidi palepale penye meno, chini ya koti. Kisha kuna kupanuka. Chuma cha mita moja kikipandishwa digri 100 kinarefuka milimita 1,2 hivi, na aluminiumu milimita 2,3, na kila metali iko na kipimo chake. Vitu viwili vilivyoshikana kwa meno tu, kila kimoja kinavuta kwa kipimo chake, na juu yake maji baridi ya ghafla! Tope la ukuta likianikwa kwenye jua kali linapasuka. Wahunzi wetu hawakukosa, panga lao ni kipande kimoja cha chuma. Kosa lilikuwa kuitendea ngozi kama panga.

Turudi kwa mzee wetu. Tangu Zürich, alikoishi na kufanyia kazi, Schoop aliendelea kuongeza. Alifikiri pia juu ya kuyeyusha waya kwa elektrisite badala ya gazi: nyaya mbili zinakaribiana, cheche kubwa inaruka kati yao, hewa inapuliza. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa sana leo kwa zinki na aluminiumu. Mwaka 1917, vita vikiwaka kuizunguka Uswisi, alitoa kitabu juu ya kazi yake pamoja na mwandishi Hanns Günther. Uingereza kampuni ya kunyunyiza metali ilianzishwa mwaka 1922, na Marekani nyingine mwaka 1933.

Lakini tusifiche kwamba kwa miaka mingi mafundi wengi hawakuiamini kazi hii, na walikuwa na sababu. Mtu alinunua pistole, akanyunyiza juu ya chuma chenye mafuta au kisichokwaruzwa, koti likabanduka, akamlaumu Schoop. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo taabu ya kila chombo kinachoonekana rahisi. Kushika pistole na kuipuliza, hata mtoto anaweza. Kazi yenyewe iko kabla ya kupuliza, katika kukwaruza na kusafisha, na baada ya kupuliza, katika kupasha au kutopasha. Vita vya Pili vya dunia ndivyo viliwalazimisha wengi kujifunza vizuri, kwa sababu vipuri vilikosekana na akse zilizolika zilibidi zijazwe na kurudi kazini.

Schoop aliishi akaona hayo. Alipofariki mwaka 1956, mzee aliyepita miaka themanini, kazi yake ilikuwa imekwisha kuingia katika mikono mingine na moto mwingine. Miaka hiyohiyo walianza kunyunyiza kwa plasma, moto wa elektrisite unaopita digri 10 000, unaoyeyusha kila kitu kinachoyeyuka. Ndege kubwa za jeti zinazopita juu yetu ziko na mabawa madogo ndani ya mashine zake ambayo yamevikwa kwa kunyunyizwa, kisha yakapashwa katika tanuri lisilo na hewa ndani, zaidi ya digri 1000, ili koti na bawa viingiane. Tanuri lisilo na hewa ni kwa nini? Ngozi ya oksidi, ileile iliyomtaabisha akiunganisha aluminiumu.

Kitu kimoja kingine kidogo. Fungueni radio iliyokufa (iliyokufa, tafadhali, si ile ya Bwana Prefe). Mutaona vipande vidogo vyenye miguu miwili, vinaitwa kondensateri. Viko vya namna nyingi. Kimoja kinatengenezwa kwa tantali, metali inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya huku Masisi, na ndani yake ni unga uliobanwa kisha ukapashwa moto mkali mahali pasipo hewa mpaka chembe zikashikana. Kingine ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyovikwa metali na kuviringishwa kama mkeka, na kwenye ncha zake mbili wamenyunyiza zinki na bati ili waya upate pa kushika. Ule unyunyizaji wa ncha, mpaka leo viwandani wanauita kwa jina la Schoop. Plastiki ile ingeyeyuka kama ungeimiminia metali ya moto. Kwa matone yake inavumilia.

Na akse ya mashine ya kusaga? Mwenye mashine aliipeleka kwa fundi mwingine, mzee anayesema kidogo. Huyo alichonga ile ngozi iliyobaki mpaka akafika kwenye chuma kizuri, akakwaruza, akapasha akse polepole yote pande zote, akanyunyiza unga ule wa nikeli, akarudisha moto mpaka uso ukang'aa, kisha akaizika katika pipa la majivu makavu na kukataa mtu yeyote asiiguse mpaka kesho yake. Baadaye akaisaga kwa jiwe, maana ilikuwa ngumu mno kwa kisu cha turu. Ilifungwa siku ya soko. Tangu ile siku mpaka tunapoandika ukurasa huu inazunguka, na sauti yake munaisikia wenyewe kila asubuhi tukiwa kwenye mstari wa bendera.